Kigari chepesi cha mtoto hapa Kampala: miezi saba ya kukibeba na kukisukuma

Nilikinunua kwa sababu ni kizuri. Kitambaa cha kijivu kilichokolea, fremu nyeusi, mpini uliovishwa ngozi bandia ya rangi ya kahawia. Moyo ulishakubali pale dukani kabla sijauliza bei, na bei yenyewe ilikuwa shilingi 420,000. Miezi saba imepita na bado nakipenda, ila ukiniuliza leo kwa nini, rangi haitakuwa jambo la kwanza nitakalokutajia.

Tunaishi Bukoto, ghorofa ya tatu, nyumba ya ngazi tupu. Gari hatuna. Kliniki, mjini, sokoni, kwa mama mkwe Kawempe, kote huko ni taksi au miguu. Nasema haya mapema kwa sababu mwenye gari na geti la umeme atakiona kigari hiki kwa macho mengine kabisa.

Vigari vya umbo hili vilipata jina kupitia YOYO ya Babyzen, kampuni ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2012. Ile hukunjwa mpaka ikabaki sentimita 52 kwa 44 kwa 18, ipate kuingia kwenye sehemu ya mizigo juu ya viti vya ndege. Changu si YOYO, ni cha bei nafuu kilichofuata umbo lake. Nilikipima kikiwa kimekunjwa nikapata 54 kwa 45 kwa 20. Uzito nilipimiwa na jirani muuza nafaka, kwenye mizani yake ya maharage: kilo 6 na gramu 700, ilhali boksi linasema 6.2. Ukiwa na mtoto wa kilo 9 kiunoni na ngazi 54 mbele yako, hiyo nusu kilo iliyofichwa unaijua kwa jina.

Ndege sijapanda nacho. Mimi nacho ni taksi, zile za abiria 14, na humo ndimo kilipojipatia heshima. Siku ya kwanza, steji ya Bukoto, kondakta alikiona kikiwa wazi akaniambia, "Nnyabo, hicho utakilipia kiti." Nikamtoa mtoto, nikabonyeza kitufe cha kwenye mpini, nikasukuma chini, kikajikunja mara tatu. Nikapanda, nikakiweka wima katikati ya magoti. Alikitazama, akanyamaza, akapokea nauli ya mtu mmoja. Siku hizi nakikunja kwa mkono mmoja, mtoto yuko kiunoni, na abiria wa nyuma hawajaanza kulalamika. Ilinichukua kama wiki mbili za mazoezi sebuleni kufika hapo. Usisubiri ukajifunzie barabarani, jamu ya jioni haimsubiri mtu.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu: katika mji huu kigari hubebwa karibu sawa na kinavyosukumwa. Unakibeba kwenye ngazi, unakibeba kuvuka mtaro, unakibeba kutoka steji hadi mahali lami inapoanzia. Ukienda kununua, kikunje, kitie begani, tembea nacho dukani dakika tano. Changu kina mkanda wa begani, mwembamba, unakata ngozi kidogo. Nimeuzungushia kipande cha kitenge.

Sasa kwenye kusukuma. Ndani ya Acacia Mall, pale Kisementi, kinateleza kama kiko juu ya maji, kidole kimoja kinatosha kukigeuza. Tatizo ni kufika huko. Nikitoka nyumbani nafuata Kira Road, na njia ya waenda kwa miguu huwa nzuri hatua mia, kisha inapasuka, kisha inakuwa maegesho ya boda. Magurudumu ni madogo, kipenyo chake kama urefu wa kiganja changu, ya sponji ngumu yasiyo na upepo. Hayapati pancha, lakini kila kokoto linapanda mpaka kwenye mikono yako, na kwa mtoto vivyo hivyo.

Siku moja gurudumu la mbele lilijigeuza upande likazama kwenye mwanya kati ya vifuniko viwili vya mtaro. Mwanya wenyewe haukuzidi vidole vitatu. Kigari kilisimama ghafla, mimi nikakigonga kwa tumbo, binti yangu akarushwa mbele. Mikanda ilimshika: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, mmoja wa katikati ya miguu. Alitoa macho, hakulia. Mimi ndiye niliyetetemeka mpaka tulipofika nyumbani. Nilikuwa na tabia ya kumfunga ya kiunoni peke yake tukienda karibu, na siku ile kwa bahati tu nilikuwa nimemfunga yote mitano. Tabia hiyo iliishia hapo. Pia nilijifunza kugeuka: pakiwa pabovu nakivuta kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yatangulie, na hayakwami.

Vumbi jekundu nalo lina mambo yake. Mwezi wa tatu wa matumizi, gurudumu moja lilianza kulia kama mlango mkuukuu. Nilikipeleka kwa fundi wa baiskeli Wandegeya, akalichomoa, akatoa humo nywele zangu, uzi wa sweta na tope lililoganda kama udongo wa chungu. Akapangusa kwa kitambaa kikavu, akatia tone moja tu la mafuta. Nilipomwomba aongeze, alikataa: mafuta mengi hunasa vumbi, utarudi hapa wiki ijayo. Sasa kila Jumapili jioni nafanya kazi hiyo mwenyewe.

Jambo linaloniuma ni hili. Aliyeniuzia alisema kinafaa tangu mtoto kuzaliwa. Binti yangu alikuwa na miezi minne. Nilipomlaza, kiti kikiwa kimeshushwa mpaka mwisho, bado alikuwa ameinama kama mtu aliye kwenye kochi, na usingizi ulipomchukua kidevu kilimwangukia kifuani. Mtoto ambaye shingo haijakomaa akilala hivyo, njia yake ya hewa inabanwa, na hapigi kelele. Nilimtoa, nikamfunga kwa mbeleko, kigari kikakaa nyuma ya mlango miezi miwili mpaka alipoweza kukaa mwenyewe. Kadi ya maelekezo, maandishi madogo sana, ilisema miezi sita. Mama mwenzangu, usimsikilize muuzaji kwenye hili. Kama kiti hakilali bapa, mtoto mchanga si wake, hata kama kigari kinapendeza namna gani.

Mama mkwe, mtu wa Arua, alifurahi alipoona mbeleko imerudi. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto hulala akisikia moyo wa mama yake, hajui magurudumu." Sikubishana naye, maana ni kweli. Lakini siku hizi tukienda Kawempe, yeye ndiye anayemweka mjukuu kwenye kigari, anakanyaga breki na kumlisha uji humo, kwa sababu anakaa wima na hana pa kukimbilia.

Breki ni ya kukanyaga, moja kwa magurudumu yote ya nyuma, na inashika vizuri. Kampala ni vilima juu ya vilima, kwa hiyo baada ya kukanyaga nakisukuma kidogo nijaribu kabla sijaachia mpini. Kwenye mteremko wa Kololo siachii kabisa.

Mwavuli wake naupenda. Unashuka mpaka karibu na magoti ya mtoto na una kidirisha cha wavu juu ambacho namchungulia. Jua letu la saa saba linapiga utosini, na wengi huwa wanafunika kigari kizima kwa kitenge au shuka. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani hewa inasimama, joto linapanda upesi, nawe humwoni mtoto. Mvua ndiyo iliyosahaulika: kifuniko cha plastiki hakikuja nacho, nikanunua pembeni kwa 35,000, chenye matundu ya hewa.

Kikapu cha chini ni kidogo, kinaingiza nepi, chupa na kanga moja. Hilo lilinitia kishawishini. Sokoni Nakasero nilining'iniza mfuko wa ndizi na viazi kwenye mpini, nikamtoa mtoto ili anyonye, na kigari kikapinduka nyuma palepale, viazi vikatawanyika. Angekuwa ndani na uzito wake mdogo, sijui. Sokoni sasa naenda na mfuko wa mgongoni.

Entebbe, kwenye bustani ya mimea, nilikwenda nacho mara moja tu. Kwenye nyasi na mizizi kinagoma kama punda. Tulikikunja tukakiegemeza kwenye mti, mtoto akakaa kwenye mkeka akitazama kima.

Dada yangu aliyeko nyumbani Busia ameniomba nimtumie kama hiki. Nimemwambia asubiri. Njia ya kwao kutoka barabara kuu ni mchanga mtupu karibu kilomita nzima, na yeye atahitaji magurudumu makubwa ya upepo, hata kikizidi uzito, kwa kuwa hapandi ngazi wala taksi za kubanana. Mimi binti yangu ana kilo 10 sasa na kigari kimeandikwa mwisho 15, bado tunaye humo mwaka mwingine na zaidi. Mbeleko naiweka kwenye kikapu cha chini, mahali pa ile kanga.