Gereji Ipi Inafaa kwa Sevisi ya Kawaida ya Gari Jijini Dar es Salaam

Mwenye gari lililotumika Japani, na jijini Dar es Salaam wengi wetu tumo katika kundi hilo, ana njia tatu za kufanya sevisi ya kawaida: karakana ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, sehemu ya sevisi iliyomo ndani ya kituo cha mafuta, au gereji ya mafundi wanaojitegemea kama zile za Ilala na Gerezani. Nimezitumia zote kwa Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, na kwa gari la aina hiyo ninaipendekeza gereji ya kujitegemea bila kusita, mradi iwe inamruhusu mwenye gari kuona kila kinachotoka na kila kinachoingia. Gereji isiyotimiza sharti hilo siirudii, hata ikiwa na sakafu ya vigae na kiyoyozi.

Oili ndiyo inayotupeleka gereji mara nyingi zaidi, na ndiyo inayomtambulisha fundi mapema. Injini ya 1NZ-FE huchukua takribani lita 3.7 inapofungwa filta mpya, ilhali dumu tunalouziwa madukani lina lita 4. Fundi anayemimina dumu zima kwa sababu limekwisha kulipiwa anazidisha kiwango, na oili ikizidi, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga kila inapozunguka hadi itoe povu, na oili yenye povu hailainishi vyuma inavyotakiwa. Katika kituo kimoja cha mafuta nilimkuta kijana akifanya hivyo kwa kila gari lililopandishwa, bila kukigusa kijiti cha kupimia. Fundi ninayemtumia sasa, ambaye gereji yake iko Ilala, humimina sehemu kubwa, hungoja oili ishuke, hupima, huongeza kidogo, huwasha injini kwa muda mfupi, huizima, kisha hupima tena. Kinachobaki ndani ya dumu hunirudishia. Kazi hiyo haihitaji mashine yoyote ya gharama, inahitaji subira, na kwangu ndiyo sifa ya kwanza ya gereji hii.

Sifa ya pili ni kwamba mwenye gereji hakasiriki mteja anapokuja na oili na filta zake mwenyewe, na hutoza hela ya ufundi peke yake. Oili bandia ni tatizo la kweli katika soko letu, na ingawa Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia, ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa mnunuzi: anunue katika duka linalotoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, akague lakiri ya dumu, na lakiri hiyo ikatwe mbele ya macho yake. Dumu likiisha, litobolewe au aondoke nalo, kwa sababu dumu zima lenye nembo halisi ndilo anachokitafuta mtu anayetaka kulijaza oili chafu iliyochujwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni giaboksi, kwa kuwa kosa lake halionekani siku ya sevisi na gharama yake ni kubwa. IST ya kizazi cha kwanza ina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na oili yake ni ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya Toyota aina ya T-IV. Nissan X-Trail ya toleo la T31 yenye giaboksi ya aina ya CVT inahitaji oili ya NS-2, ambayo ni kitu kingine kabisa. Ndani ya CVT hamna gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda huo ushike bila kuteleza huku ukilindwa usilike. Ukimiminiwa ATF ya kawaida, mkanda huanza kuteleza, puli huchunika, na matokeo yake mara nyingi ni kutafuta giaboksi nyingine. Ndiyo maana nilimwamini fundi huyu tangu aliponiuliza, kabla ya kugusa nati yoyote, “Dada, giaboksi hii iliwahi kubadilishwa, au ndiyo iliyokuja na gari?” Kisha akafungua boneti na kusoma kibati cha modeli. Gereji ambayo haiulizi swali la namna hiyo isipewe kazi ya giaboksi.

Kwa mengine sina maneno mengi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni jambo la busara. Rejeta iwekwe kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, si maji ya bomba. Plagi za iridiamu hutengenezwa zidumu takribani kilomita 100,000, basi anayetaka kuzibadilisha kila sevisi aeleze sababu.

Gereji hii ina upungufu. Haina mashine ya kupanga magurudumu, hivyo kazi hiyo mimi huifanyia kwingine. Muda wa ahadi huteleza, hasa Jumamosi. Na kumbukumbu za kazi ninaziandika mwenyewe katika daftari ninaloliweka ndani ya gari, pamoja na kilomita na aina ya oili.

Karakana ya wakala ina nafasi yake. Gari jipya lililo chini ya dhamana lipelekwe huko. Mwenye haibridi, yaani gari linalotumia petroli na umeme, kama Toyota Aqua naye namshauri aanzie huko, au kwa fundi aliyesomea mifumo hiyo, kwa sababu betri yake kubwa ina umeme wa zaidi ya volti 100. Aulize pia kama sevisi inajumuisha kusafisha tundu la feni ya betri lililo kando ya kiti cha nyuma, kwani vumbi likiliziba, betri hukosa hewa ya kuipoza, na sehemu hiyo fundi asiyezoea magari hayo hawezi hata kukumbuka kuitazama.