TAHADHARI: Wauza miche ya "mbono wa dizeli" Bweyale na vijiji vya jirani

Ndugu zangu wa Kiryandongo, Masindi na Hoima, ukishasoma hapa mwambie na mzee asiyeshika simu.

Kuna watu wanapita na pikapu wakiuza miche ya mbono kaburi, mti uleule ambao Waganda huuita kiroowa na kuupanda ili vanila ipande juu yake. Wanadai ni mbegu mpya ya kutoka nje, inazaa kwa miezi sita, na kwamba kampuni yao itanunua kila kilo ya mbegu kwa shilingi 5,000 ikatengeneze dizeli. Mche 1,500, usajili 50,000. Nilichukua miche 450, ya eka moja kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu. Jumla 725,000, na hiyo ilikuwa karo ya watoto. Kabla mvua hazijakatika, simu zao zote zilikuwa zimezimwa.

Bei yao ndiyo ingenishtua mapema. Lita moja ya mafuta ya mbono inataka karibu kilo nne za mbegu. Kwa hiyo mbegu tupu ni 20,000 kwa lita, bado kukamua, bado kusafirisha. Dizeli kituoni inazungukia 5,000. Nani atanunua kwa elfu ishirini akauze kwa elfu tano? Mnunuzi hakuwepo tangu mwanzo. Walichokuja kuuza ni miche tu.

Na miche yenyewe haina haja ya kununuliwa! Kata tawi la mbono wa uani, lichomeke mvua zikianza, litashika. Kuzaa huanza kidogo mwaka wa pili au wa tatu, si miezi sita. Wanasema unastawi hata kwenye ardhi kavu. Kuishi utaishi, lakini bila maji na rutuba mbegu zake ni chache. Kampuni za kigeni zilizochukua maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa, kule Tanzania, kwa ajili ya mti huuhuu zilifunga.

Wazazi, hili msilipuuze: walituambia mashudu yake, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, tulishe mbuzi. Mbegu za mbono zina sumu, na mashudu yake pia. Mtoto akizitafuna atatapika na kuharisha vibaya, mkimbize hospitali.

Uganda ina sheria ya nishati-mimea ya mwaka 2020, na mtengenezaji anatakiwa awe na leseni. Mdai leseni hiyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji kabla hujatuma hela kwa simu. Mimi nilionyeshwa fulana na kadi yenye picha ya jani, nikaridhika.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya miche hii. Yeye, mimi na wenzetu watano tumeshaandikisha malalamiko polisi. Kama una risiti yao ya njano au ujumbe wa kutuma pesa, usiufute. Niandikie hapa chini tuunganishe, kwa sababu tunasikia pikapu imeonekana upande wa Masindi.