Kahawa ya Jaws Corner, Mji Mkongwe

Kahawa yenyewe nzuri: chungu, ya moto, inamiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kidogo kisicho na mkono, na kashata pembeni. Lakini kahawa ya namna hii ipo mitaa mingi ya Unguja. Kinachonirudisha hapa ni namna pahala penyewe palivyojengwa.

Vichochoro kadhaa vinakutana, na kuta za nyumba zimeshikana na baraza za mawe. Ukikaa, mnatazamana na wa upande wa pili. Anayepita lazima akatize katikati yenu, kwa hiyo kupita kimya ni vigumu: "Asalaam aleikum," na anaitikiwa pande zote. Nimemuona kijana akizima pikipiki yake na kuisukuma mpaka akavuka, wala hakuna kibao kilichomwamuru. Masika maji yakijaa kichochoroni, baraza hizohizo zinakuwa njia ya kupitia.

Linganisha na viti vya stendi vilivyotengwa kwa vyuma, kila mtu na chake. Watu wanakaa bega kwa bega saa nzima na hawajuliani hali.

Jambo moja linaniuma: wanawake tunapita tu. Baraza ya nyumbani tunakaa jioni, tunasukana na kuzungumza, lakini hapa wanaume wameshika kila pembe. Ningependa sana tupate upande wetu.

Nendeni baada ya alasiri, kivuli kishaingia. Chukueni pesa ndogondogo, chenji huwa tabu.