Kapsuli za "kuamsha homoni ya ukuaji": ahadi ya ujana inayokwenda kinyume na utafiti wa uzee

Nimemaliza kikopo kimoja cha kapsuli hizi, mbili kila usiku kabla ya kulala kama maelekezo yanavyotaka, na tathmini hii ninamwandikia mtu ambaye ameshaona matangazo yake na sasa anasitasita kununua. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu bidhaa za aina hii zinafanana kiasi kwamba ukizibandua lebo huwezi kuzitenganisha. Kapsuli zenyewe zinamezeka bila taabu, kikopo kimezibwa vizuri na tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka. Kinachonisumbua ni maandishi makubwa ya mbele, yanayodai kwamba kapsuli huamsha homoni ya ukuaji na kwa njia hiyo huchelewesha uzee.

Dai hilo lina chimbuko lake. Mwaka 1990 Daniel Rudman na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 12 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 waliodungwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita: uzito wa mwili usio wa mafuta uliongezeka kwa asilimia 8.8, na mafuta yakapungua kwa asilimia 14.4. Wafanyabiashara wameshikilia tarakimu hizo hadi leo, ila wanasahau kusema kwamba utafiti ule haukupima iwapo wazee wale wangeishi muda mrefu zaidi, na kwamba walichomwa sindano. Homoni ya ukuaji ni protini iliyoundwa kwa asidi amino 191, yaani vijenzi vidogo vya protini, na ikimezwa huvunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote, jambo ambalo pia linawalazimu wagonjwa wa kisukari kujidunga insulini badala ya kuinywa.

Kwa hiyo ndani ya kapsuli hamna homoni, bali asidi amino, ajinini na onithini zikiwa mbele, ambazo zinadaiwa kuishawishi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, iachilie homoni yake yenyewe. Ni kweli kwamba ajinini ikipitishwa kwa wingi kwenye mshipa huichochea tezi hiyo, na madaktari huitumia kuipima. Lakini kipimo hicho huhitaji gramu nyingi kuliko zinazoweza kuenea katika kapsuli mbili, na lebo niliyoisoma inataja uzito wa mchanganyiko mzima tu bila kueleza kila kiungo kimewekwa kiasi gani. Kwangu mimi, bidhaa inayoficha vipimo vyake imeshajipunguzia alama kabla sijaifungua.

Hata hivyo, tuseme zinafanya kazi sawasawa na zinavyotangazwa. Hapo ndipo ninapoona tatizo kubwa zaidi, kwa sababu homoni ya ukuaji huliamuru ini litoe IGF-1, homoni nyingine inayohimiza seli kukua, na IGF-1 ikishika kipokezi chake juu ya seli hupeleka ishara ndani ya seli, ambako protini ya TOR huitikia kwa kuhimiza ujenzi wa protini mpya na kuzuia kazi ya seli ya kujisafisha, yaani kuvunja na kutumia upya vipande vyake vilivyochakaa. Mtoto anayekua anaihitaji ishara hiyo. Kwa mwili uliokwisha kukomaa, wanyama wa maabara wametuonyesha sura nyingine. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walieleza kwamba minyoo midogo ya maabara iitwayo C. elegans yenye hitilafu katika jeni moja iliishi mara mbili ya kawaida na zaidi, na baadaye ikagundulika kwamba jeni hiyo hutengeneza kipokezi cha jamii ya insulini na IGF-1. Mwaka 1996 Holly Brown-Borg na Andrzej Bartke walitoa taarifa ya panya vibete wasio na homoni ya ukuaji walioishi karibu mwaka mzima au zaidi kuwapita ndugu zao wa kawaida. Mwaka 2009 ilikuja zamu ya rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui na ambayo huizuia TOR: panya walioanza kulishwa dawa hiyo wakiwa na siku 600, umri wa uzee kwa panya, bado walirefushiwa maisha. Hata mbwa wadogo, ambao kwa kawaida wana IGF-1 kidogo, huishi muda mrefu kuliko mbwa wakubwa.

Sisemi kwamba binadamu ni panya. Watu wa Ekuado wenye hali ya Laron, ambao vipokezi vyao haviitikii homoni ya ukuaji, walifuatiliwa kwa miaka mingi, na ripoti ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba saratani na kisukari ni nadra sana kwao. Pamoja na hayo, hawakuonekana kuishi miaka mingi kuliko jamaa zao. Tena IGF-1 ikiwa chini mno kwa mtu mzima nayo huambatana na madhara, yakiwemo ya misuli na mifupa. Lakini sijaona popote ushahidi kwamba kuipandisha kwa mtu mwenye afya kunamwongezea umri, ilhali homoni yenyewe inapodungwa kwa wazee inajulikana kwa kuvimbisha miguu, kuumiza viungo na kupandisha sukari ya damu.

Kwa mwezi huo nililala kama kawaida yangu na sikuona badiliko lolote la kusimulia, jambo ambalo kwa bidhaa hii huenda ndiyo habari njema. Mwenye kisukari au aliyewahi kuugua saratani asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake. Ninaipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya kikopo.