PS5 na Xbox Series X: nilivyozijua kwa joto lake

Mashine hizi mbili za kuchezea gemu, PS5 ya Sony na Xbox Series X ya Microsoft, zilitoka Novemba 2020, na ninazo zote, matoleo yale ya kwanza. Ubishi wa wachezaji huanzia kwenye teraflopu, kipimo cha kasi ya kukokotoa ya chipu ya picha: Xbox 12, PS5 10.28. Mimi kwenye gemu zinazopatikana pande zote tofauti hiyo siioni. Prosesa ni za kampuni ya AMD, aina ya Zen 2 zenye viini 8, kwa hiyo hapo ni ndugu wa tumbo moja. Zilipoachana ni kwenye kutoa joto.

Microsoft waliigawa bodi mama vipande viwili, wakavisimamisha mgongo kwa mgongo, juu wakaweka feni moja pana ya milimita 130. Hewa inavutwa kutoka chini, inapita katikati na kutokea juu kama moshi kwenye dohani. Ndiyo maana mashine yenye nguvu hivyo imetosha kwenye boksi la sentimita 30 kwa 15. Gemu nzito ikiendelea naweka kiganja juu, naisikia ile hewa ya moto ikipanda, na chumba kimya. Napenda sana kazi hii.

Sony waliamua vingine. Chipu yao ya picha ina vitengo 36 vya kukokotoa dhidi ya 52 vya Xbox, ila inakimbizwa hadi gigahezi 2.23 wakati mwenzake yuko 1.825. Mwendo huo unazaa joto, ndipo wakapaka metali ya kimiminika kati ya chipu na kipozeo, na kipozeo chenyewe ni kikubwa kweli. Hapo ndipo ule urefu wa sentimita 39 unapotoka, wala si mapambo. Pima rafu yako kwanza.

Diski ya PS5 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, ya Xbox 2.4. Kuongeza nafasi ni rahisi zaidi kwenye Xbox: unachomeka kadi nyuma, basi. PS5 inataka bisibisi.

Pedi sina mjadala, ni DualSense ya PS5. Vifyatuo vyake vinakaza kidole kadiri gemu inavyotaka, na betri inachajiwa humo humo.

Kwa umbo, kura yangu ni ya Xbox. Ila nawavulia kofia Sony kwa vumbi: mabamba meupe yanatoka kwa mkono mtupu, chini yake kuna matundu mawili ya kukusanyia vumbi. Nafyonza kwa mashine ya usafi, narudisha, dakika tano hazijaisha.