Mafuta ya kitani kwenye meza ya mninga: uzoefu wangu

Mteja wangu alikuwa amechoshwa na vanishi, kwa kuwa meza yake ya zamani ilibabuka kila alipotua sufuria ya moto, ndipo nikanunua kopo la lita 5 la mafuta ya kitani ya kuchemshwa, yaani mafuta ya mbegu za mmea wa kitani ya kupaka mbao, kwa ajili ya meza yake mpya ya mninga. Jina hilo la "kuchemshwa" lisikupoteze: mengi yanayouzwa siku hizi hayakupikwa, bali yametiwa vikaushio vya metali kama kobalti na manganizi ili yakauke kwa takriban siku moja, ilhali yale mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa. Kwa sababu ya metali hizo siyapaki kwenye miiko wala vibao vya kukatia nyama.

Nilipaka kwa tambara, nikasubiri dakika 15, kisha nikafuta yote ambayo mbao haikuyanywa, na nikarudia mara tatu kwa siku tatu. Mishipa ya mninga ilijitokeza na rangi ikakolea kama asali ya nyuki wadogo. Kona moja niliyosahau kuifuta ilinata wiki nzima.

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua kopo kubwa kwa kuvutiwa na bei. Mafuta haya hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kopo lililobaki nusu limejaa hewa hiyo. Miezi michache baadaye nilipolifungua nilikuta utando mgumu juu, na chini yake mafuta mazito kama uji, yasiyoweza tena kupenya kwenye mbao. Nikamwaga karibu lita 2. Sasa nanunua lita 1, na yanayobaki nayahamishia kwenye chupa ndogo, nikidumbukiza gololi safi mpaka mafuta yafike shingoni, halafu nafunga kizibo barabara na kuiweka kabatini, mbali na jua.

Mafundi wenzangu, nawasihi sana kuhusu matambara. Tambara lenye mafuta haya likikunjwa na kutupwa kwenye maranda hujipasha joto lenyewe linapokauka, na laweza kuwaka bila kiberiti. Mimi huyatandaza nje, moja moja, juu ya ukuta wa matofali, na siyatupi mpaka yawe makavu na magumu kama kadibodi.