Kanisa la mbao la Desești, Romania: nenda, ila haraka iache Baia Mare

Nianze na kilichoniudhi. Tulifika saa tano asubuhi tukakuta mlango una kufuli. Hapakuwa na mlinzi wala mtu wa tiketi. Tukapita huku na huku mpaka mzee mmoja akatuelekeza kwa ishara kwamba ufunguo uko nyumba ya pili, na mwenye ufunguo yuko shambani anageuza nyasi zikauke. Tulikaa makaburini saa nzima tukimsubiri. Nimetoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja imekatwa na kufuli.

Kufika nako kuna kazi yake. Desești ni kijiji cha Maramureș, kaskazini kabisa mwa Romania, kwenye barabara ya kutoka Baia Mare kwenda Sighetu Marmației. Gari linapanda hadi mlima Gutâi, mita 987 pale barabara inapovukia, halafu linateremka kwa kona za kukushikisha kiti mpaka bonde la mto Mara. Tulipanda basi dogo, mimi na mdogo wangu wa kike anayesomea udaktari Cluj-Napoca. Dereva alikubali kutushusha Desești, akapitiliza, tukajikuta Hărnicești. Ikabidi turudi kwa miguu, huku tunapishana na mageti ya mbao marefu kuliko nyumba zenyewe, yamechongwa jua na kamba zilizosokotwa.

Sasa niseme jambo ambalo lilinishangaza mwenyewe: ile saa ya kusubiri haikupotea. Baba yangu alikuwa seremala Bukoba, nimekua nikishika misumeno, na kanisa hili kwa nje ni darasa. Kuta ni magogo ya mwaloni yaliyochongwa mraba na kulazwa moja juu ya jingine, juu ya msingi wa mawe. Nenda kwenye pembe, inama, tazama gogo linapokutana na gogo: ncha zimechongwa kwa mshazari zikaumana, kiasi kwamba kadiri paa linavyolemea ndivyo zinavyozidi kushikana. Msumari sikuuona hapo. Nilijaribu kupitisha ukucha kwenye kiungo kimoja, ukapita nusu tu. Kanisa hili ni la mwaka 1770. Makabati yangu ya jikoni yana miaka minne na milango imeshaanza kupinda.

Juu kuna vigae vya mbao, vyembamba, vimepangwa kama magamba ya samaki, vimegeuka rangi ya jivu. Paa ni la ngazi mbili, na kati ya ngazi hizo ndimo madirisha madogo yanamopata mwanga. Mnara umechongoka kama penseli. Kwa nini mbao, wakati mawe yamejaa mtoni? Inasemwa watawala wa zama hizo hawakuwaruhusu Waorthodoksi wa Kiromania kujenga makanisa ya mawe. Na mbao zinaungua: mwaka 1717 Watatari, wapiganaji wa farasi kutoka mashariki, walivamia Maramureș, wakachoma makanisa. Kijiji kinachojenga tena kwa mbao baada ya hapo, tena kwa ustadi huu, kina kichwa kigumu.

Bibi mwenye ufunguo akaja, kitambaa kichwani, majani ya nyasi kwenye sweta. Tukamwamkia „Bună ziua”, akajibu „Poftiți”, yaani karibuni, akafungua. Mlango ni mfupi na kizingiti ni kirefu. Mimi niligonga paji la uso. Kama una mzee anayetembelea fimbo, jua kwamba hapo atahitaji kushikwa mkono.

Ndani huoni kitu. Wageni wengi nadhani hukosea hapa hapa: wanaingia, wanaona giza, wanapiga picha mbili, wanatoka. Kaa. Tafuta benchi, hesabu dakika kumi. Kuta zinaanza kutoka gizani polepole, nyekundu kwanza, kisha manjano, kisha nyuso. Michoro ni ya mwaka 1780, kazi ya Radu Munteanu, na imefunika kila mahali mpaka darini.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha wanawake. Wanaume walisimama chumba cha mbele, na kati yao kuna ukuta wenye matundu ya kuchungulia ibada. Mchoro mkubwa wa chumba cha wanawake ni Siku ya Hukumu: mto wa moto, mashetani, wenye dhambi wanaburutwa. Mdogo wangu alizunguka mara mbili, akasimama katikati.

„Kaka, yaani huu moto wote wametuwekea sisi?”

Nilikosa jibu. Bibi hakuelewa maneno ila aliuona uso wake, akacheka.

Katika hukumu hiyo hiyo kuna mataifa yamepangwa mstari yakisubiri zamu: Wayahudi, Waturuki, Watatari, Wajerumani, Wafaransa, kila kundi na mavazi yake, na watakatifu wamesimama upande wa pili. Yaani kila aliyewahi kuwasumbua au kuwatia shaka wamemweka foleni. Nikatafuta mtu wa kwetu. Kwa mwanga ule sikumwona. Weusi niliowaona walikuwa mashetani tu, na hilo nililisema kwa Kiswahili ili bibi asijisikie vibaya.

Jambo moja la kutazama kwa karibu, kwa sababu hakuna atakayekuonyesha: kwenye maungio ya magogo fundi alibandika vipande vya kitambaa kabla ya kupaka rangi, mchoro usikatike kwenye ufa. Sehemu fulani kitambaa kimebanduka, na unaona nyuzi zenyewe, na nusu ya mkono wa mtakatifu imebaki kwenye kitambaa na nusu kwenye mbao. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya ikonostasi, ule ukuta wa picha takatifu unaotenga altare. Maandishi ni ya Kiromania kwa herufi za Kisirili, zinazofanana na za Kirusi, maana ndizo walizoandikia enzi hizo. Mdogo wangu, ambaye Kiromania anakisoma kila siku darasani, hakuweza kusoma hata neno.

Kanisa hili ni moja kati ya makanisa manane ya mbao ya Maramureș yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999. Mengine ni Bârsana, Budești, Ieud, Plopiș, Poienile Izei, Rogoz na Șurdești. Ukiwa na gari la kukodi unaweza kuunganisha mawili matatu kwa siku. Kwa basi dogo usijidanganye, chagua moja.

Beba noti ndogo za lei, pesa ya Romania, sisi tuliweka kumi kikapuni na bibi akaridhika. Usiwashe taa ya kamera. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Choo sikukiona. Na kabla hujakaa makaburini kama sisi, gonga kwanza nyumba ya pili.